Bunduki ya kulungu yenye teke dogo kwa anayeanza: ipi inafaa?

Mtaka_Shabaha

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaozijua bunduki za kuwindia.

Mpwa wangu wa kike anataka kuanza kuwinda kulungu. Ni mtu mzima, urefu sentimita 158, kilo 53 hivi, anatumia mkono wa kulia. Mafunzo ya usalama amemaliza, kibali anacho, na kwa bunduki ndogo ya .22 mita 50 hana shida hata kidogo. Shida ilianza alipoazimwa .30-06 nyepesi yenye kitako cha plastiki. Risasi za mwanzo zilikwenda vizuri, baadaye zikaanza kutua chini na kutawanyika, na ukimtazama usoni unaona anafumba macho kabla hajamaliza kuvuta triga.

Wanyama tunaowazungumzia ni wa kilo 40 hadi 90. Umbali mara nyingi hauzidi mita 150. 200 ni nadra.

Nimetajiwa kaliba (aina na ukubwa wa risasi) za .243, 6.5 Creedmoor, 7mm-08, .350 Legend, na yuko aliyesema .223 yatosha. Muuzaji anatusukumia bunduki ya kilo 2.7 kwa hoja kwamba "dada ataibeba kwa urahisi". Sijui kama wepesi huo ni faida au ndio tatizo lenyewe. Na je, tufunge breki kwenye mdomo wa mtutu?

Mzee wa Bolti

Wasiwasi wako una msingi, ndugu. Teke halitokani na kaliba peke yake. Linatokana na uzito wa kichwa cha risasi na kasi yake, uzito wa baruti (gesi nayo hutoka mdomoni, tena kwa kasi kuipita risasi), na uzito wa bunduki. Risasi ikiwa ileile, ukipunguza uzito wa bunduki kwa nusu, nishati ya teke inakuwa mara mbili.

Chukua bunduki ya kilo 3.4 pamoja na darubini yake. Kwa hesabu, takriban, .223 inatoa jouli 5. .350 Legend 11. .243 yenye kichwa cha greni 100, yaani gramu 6.5, inatoa 12. 6.5 Creedmoor ya greni 140 inatoa 17, na 7mm-08 ya greni 140 inafika 18 au 19. .308 ya greni 150 ni 21, .30-06 ya greni 180 ni 29, na .300 Winchester Magnum inagusa 39.

Sasa iweke hiyo 6.5 Creedmoor inayosifiwa kwa upole ndani ya bunduki ya kilo 2.7. Teke linapanda hadi jouli 21 na ushee, maana yake umenunua teke la .308 bila kujua. Iweke kwenye bunduki ya kilo 4, linashuka hadi 14 au 15. Na ile .30-06 aliyoazimwa, kama ilikuwa na kilo 2.9, ilikuwa inampiga jouli 34 kila akivuta. Kufumba macho kwa kipigo hicho si woga, ni mwili kujilinda.

Kwa hiyo bunduki ya kilo 2.7 mwachie muuzaji. Tafuta yenye jumla ya kilo 3.4 hadi 3.8 ikiwa na darubini, mkanda na risasi ndani. Mtu wa kilo 53 anaubeba uzito huo bila taabu akiwa na mkanda mpana, na mtutu wenye uzito kidogo mbele unatulia zaidi anapolenga. Mtutu uwe wa sentimita 51 hadi 56. Ukishuka kwenye 41 au 46 unapoteza kasi kidogo, lakini baya zaidi ni kwamba mlio unasogea karibu na masikio yake.

Kaliba, mimi nasema .243 Winchester bila kusita. Ipo tangu 1955, risasi zake hazisumbui kupatikana, na kwa mita 200 kulungu wa kilo 90 hana salama akipigwa mahali pake. Lawama nyingi unazosikia juu ya .243 zinatokana na watu kutumia risasi zisizo zake. Sanduku la greni 55 hadi 75 limetengenezwa kwa wanyama wadogo waharibifu: kichwa kile kinapasukia juujuu, kikigonga mfupa wa bega kinaacha jeraha kubwa la nje na mapafu hayajaguswa. Kwa kulungu chukua greni 90 hadi 100 ya kuwindia, au ya shaba tupu ya greni 80 hadi 85. Ya shaba ni nyepesi lakini haimeguki, inaingia ndani sana. Mifereji ya ndani inayozungusha risasi, kwenye mitutu mingi ya .243, ina mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, kwa hiyo usihangaike na vichwa virefu vilivyozidi greni 100, havitatulia hewani.

.350 Legend ilibuniwa hasa kwa ajili ya sehemu ambazo sheria inadai ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni. Kama sheria yenu haidai hivyo, sioni sababu ya kuichukua. Ni pole, ndiyo, lakini baada ya mita 150 inaanguka haraka, na mgeni hapaswi kubebeshwa mzigo wa kukisia alenge juu kiasi gani.

Kabla ya kulipa, soma kanuni za mahali mtakapowinda. England na Wales, kwa mfano, kulungu wengi hawaruhusiwi kupigwa kwa kaliba iliyo chini ya inchi .240, hapo .243 inapita na .223 inabaki kwa wale wadogo kabisa tu.

Nyasi Ndefu

Nakubaliana na Mzee kuhusu uzito. Kuhusu .243 natofautiana naye kidogo.

Kulungu wa kilo 90 hasimami siku zote ubavu wazi. Akigeuka kidogo tu, risasi inalazimika kupita bega au tumbo kabla ya kufika mapafuni, na hapo kichwa cha gramu 9 chenye kipenyo cha milimita 7 kinatoa nafasi ambayo gramu 6.5 haitoi. Ndiyo maana mimi nampa anayeanza 7mm-08, kisha nampa risasi za teke pungufu. Zipo za kiwandani zenye greni 120 zinazotoka kwa mita 815 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya Mzee kwa bunduki ileile ya kilo 3.4, teke linarudi kwenye jouli 12, palepale ilipo .243. Hadi mita 180 zinafanya kazi safi. Akishakomaa anahamia greni 140 bila kununua bunduki nyingine.

Tahadhari mbili. Risasi pungufu hazitui mahali pamoja na zile kamili. Tofauti ya sentimita kadhaa kwa mita 100 ni kawaida, kwa hiyo kila ukibadilisha aina unazero upya, yaani unarekebisha darubini risasi itue unapolenga. Pili, kwenye bunduki inayojipakia yenyewe zinaweza kushindwa kusukuma mtambo, zikakwama. Ziende kwenye bunduki ya bolti, inayopakiwa kwa mkono.

Na kama kuna mtu anajaza risasi nyumbani akakwambia "nitapunguza baruti kidogo tu", mkatalie. Baruti inayoungua polepole ikipunguzwa kiholela ndani ya ganda kubwa inaweza kuleta shinikizo la ajabu na kuharibu bunduki usoni kwa mpigaji. Kiwango pungufu kinatoka kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, kwa baruti ileile aliyoitaja, basi.

.223 kwa mgeni siishauri hata pale inaporuhusiwa. Inataka mtu anayeweza kusubiri, anayejua kuchagua kichwa kizito cha kuwindia, na anayeweka risasi kwenye duara dogo kila mara. Huyo ni mpigaji mzoefu, na mzoefu haihitaji .223.

Mzee wa Bolti

Hoja ya 7mm-08 naipokea, ni kaliba nzuri. Ila kwenye hilo la kulungu aliyegeuka: anayeanza afundishwe kuacha. Ubavu wazi au hakuna risasi. Kaliba kubwa isiwe ruhusa ya kupiga pembe mbaya.

Na jambo la usalama kwa nyumba yenye bunduki zaidi ya moja. .243, 7mm-08 na .308 ni ndugu wa ganda moja; .243 na 7mm-08 zote zimezaliwa kutoka .308. Kitako cha ganda ni kilekile, kwa hiyo .243 inaingia kwenye chemba ya .308 na bolti inafunga. Ikifyatuliwa humo ganda linapasuka na gesi inarudi nyuma. Masanduku yakae mbalimbali, mfukoni kuwe na aina moja tu, na kila risasi isomwe maandishi ya kitakoni kabla ya kuingia kwenye magazini.

Fundi Kitako

Mmezungumza kaliba kurasa nzima na hakuna aliyeuliza urefu wa kitako. Kwa mtu wa sentimita 158 hilo linatangulia kaliba.

Bunduki nyingi zinatoka kiwandani na sentimita 34 hadi 35 kati ya triga na mwisho wa kitako. Hicho ni kipimo cha mwanamume wa sentimita 178 au zaidi. Mtu mfupi akiinua bunduki hiyo, anarusha mgongo nyuma kuisawazisha, shingo inanyooka mbele kulitafuta jicho la darubini, na kitako kinakwepa mfuko wa bega kikakaa juu ya mkono. Hapo hata .243 itamwachia alama ya bluu, kwa sababu teke lote linaingia kwenye eneo dogo la nyama na mfupa badala ya kusambaa begani. Na kwa kuwa mwili umeegemea nyuma, bunduki inamsukuma hatua nzima. Watu wanaona hivyo wanasema "bunduki kali". Bunduki haina kosa, ni ndefu tu.

Kumpima: toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa macho kisha pitisha kidole. Avae nguo atakazowindia, kwa sababu koti nene linakula sentimita moja au mbili. Afumbe macho, apandishe bunduki begani kwa raha yake, alaze shavu, kisha afumbue. Anatakiwa aone duara zima la darubini bila kusogeza kichwa mbele, nyuma wala juu. Angalia pia nafasi kati ya kidole gumba cha mkono wa triga na pua: vidole viwili hadi vitatu ni sawa. Chini ya hapo gumba litampiga pua. Zaidi ya hapo kitako bado kirefu. Kile kipimo cha zamani cha kukunja kiwiko na kupima hadi pingili ya kidole cha triga ni cha kukadiria tu, usikatie mbao kwa hicho.

Kwa urefu wake nategemea utatua kwenye sentimita 32 hadi 33. Zipo bunduki zinazotoka kiwandani na kitako kifupi: Ruger American Compact, Tikka T3x Compact, na Weatherby Vanguard Camilla ambayo umbo lake lote lilichorwa kwa wanawake. Ila nyingi za jamii hiyo ni nyepesi, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya Mzee: ipime ikiwa na darubini, na kama haijafika kilo 3.2 ongeza uzito ndani ya kitako. Kifuko cha gololi za risasi za gobori, gramu 300, kilichofungwa kwa nguo kisipige kelele, kinatosha kubadilisha hisia kabisa.

Ukikata kitako cha mbao, hesabu mpira kwanza. Ukitaka jumla ya 32.5 na mpira laini una unene wa 2.5, mbao inabaki 30. Zungusha utepe wa karatasi mahali pa kukata, tumia msumeno wa meno madogo, na kata kwa awamu mbili. Mbao iliyokatwa zaidi hairudi. Linda mwinamo wa mwisho wa kitako. Kikikatwa mraba wakati mwanzo kilikuwa kimeinama, ncha ya chini inachimba kwapani na bunduki inateleza juu kuelekea usoni kila mlio. Kabla ya msumeno angalia pia skrubu ya kufungia mkanda ilipo. Kwenye vitako vingine iko karibu na mwisho na ukikata itabaki pembeni kabisa ya mbao, pale pale inapopasuka.

Mpira uwe laini kweli. Ubonyeze kwa kidole gumba: usipozama, huo ni wa kuzuia kuteleza tu.

Jambo la mwisho ni shavu. Darubini ikifungwa juu sana, shavu linaelea, na bunduki ikiruka mbao inakuja kulipiga. Anayepigwa shavuni anashtuka haraka kuliko anayepigwa begani. Tumia pete fupi kadiri lenzi ya mbele inavyoruhusu, au funga mto wa shavuni wa kuinua.

Mtaka_Shabaha

Asanteni sana, wakuu. Nimempima kama Fundi alivyoelekeza kwa ile .30-06: kitako ni sentimita 34.9, na kati ya gumba na pua panaingia vidole vinne na nafasi inabaki. Akifumbua macho anaona kivuli cheusi, inabidi asogeze shingo.

Sasa naelewa. Lakini tabia ya kufumba macho imeshamwingia, hata kwa .22 imeanza kuonekana. Inatibika vipi? Na hakuna aliyejibu kuhusu breki.

Mkufunzi wa Uwanja

Shikamoo Mzee wa Bolti, na poleni kwa kuchelewa. Hili la kushtuka ndilo linalonigusa, naomba nilijibu kwa urefu.

Mtu anashtushwa na vitu viwili, teke na mlio, na mara nyingi mlio ndio mkosaji mkubwa. Bunduki ya kuwindia inatoa kilele cha desibeli 155 hadi 170, wakati 140 tayari inaumiza sikio kwa mlio mmoja. Mfungie ulinzi wa tabaka mbili: vizibo vya sponji ndani ya sikio, na vikombe juu yake. Kizibo kiviringishwe kikawa chembamba, sikio livutwe juu na nyuma, kiingizwe, kisha kishikiliwe mpaka kivimbe. Kikining'inia nje nusu hakifanyi kazi. Vikombe viwe vyembamba upande wa kitako. Vinene vinagonga mbao anapolaza shavu, kikombe kinainuka, mlio wote unaingia, na yeye hajui kwa nini risasi ya tatu ilikuwa na kelele kuliko ya pili.

Hapo ndipo jibu la breki lilipo. Breki inapunguza teke kweli, pengine theluthi hadi nusu, lakini inageuza gesi pembeni na nyuma, na mlio unaomfikia mpigaji na aliyesimama kando unaongezeka sana. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni mlio, unatibu bega unaumiza sikio. Na porini wengi huvua vikinga masikio ili wasikie mnyama. Kwa .243 breki haihitajiki. Panaporuhusiwa kisheria, kizima sauti ni bora mara nyingi zaidi: kinashusha desibeli 20 hadi 30, kinapunguza teke, na gramu zake 300 hadi 500 mbele zinatuliza mtutu. Vyote viwili, ukikifunga au kukifungua, risasi inahama mahali pa kutua, kwa hiyo zero ifanyike jinsi bunduki itakavyowindiwa.

Sasa matibabu. Kwanza .30-06 iondoke machoni pake kabisa. Arudi kwenye .22 yenye kitako kinachomtosha, avae vikinga vyote hata kama .22 haina kelele, ili masikio yazoee kutotarajia kipigo.

Kisha zoezi la risasi bandia. Nunua risasi bandia, zisizo na baruti, za kaliba ya bunduki yake. Wewe unapakia, yeye haoni. Mara halisi, mara bandia, bila mpangilio. Mtutu muda wote uwe kwenye shabaha. Simama pembeni na usiangalie shabaha, angalia mdomo wa mtutu. Risasi bandia ikifika, utasikia "tik", na kabla ya hiyo tik utaona mtutu ukichovya chini, bega likisogea mbele, kope zikifunga. Usimkemee. Mwambie tu alichofanya, maana mara nyingi yeye mwenyewe haamini mpaka auone mtutu ukichovya bila mlio. Endelea na bandia nyingi kuliko halisi mpaka tik tatu mfululizo zipite mtutu ukiwa umekufa mahali pake. Kwa .22 usimfyatulishe chemba tupu badala ya risasi bandia: pini ya nyingi inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Wewe unayepakia lazima ujue kila mara umeweka nini. Ikitoka tik kwenye risasi halisi, asifungue bolti. Mtutu ubaki kwenye shabaha, mhesabu sekunde 30, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ndipo afungue, na risasi hiyo iwekwe kando.

Akivuta triga, kidole kisimame nyuma mpaka mlio uishe na darubini irudi kwenye shabaha, halafu ndipo akiachie. Mwambie akutajie msalaba wa darubini ulikuwa wapi mlio ulipotoka. Anayeweza kukutajia alikuwa amefungua macho. Anayesema "sijui" alifumba.

Akihamia .243 mpe risasi 10, zisizidi 15, kwa siku moja. Baada ya hapo maliza kwa .22 ili aondoke uwanjani akiwa anapiga vizuri. Na usimweke kwenye benchi. Mtu aliyekaa mezani amejikunja juu ya bunduki na mwili hauna pa kwenda, teke lote linabaki begani. Akisimama au akikaa chini na vijiti vya kuegemea, kiwiliwili kinarudi nyuma pamoja na bunduki na anahisi nusu ya aliyohisi mezani. Kazi ya kuzero mezani uifanye wewe, na kifuko cha mchanga kati ya kitako na bega. Vile vitanda vya chuma vinavyobeba bunduki na kujazwa uzito mkubwa viepuke: bunduki ikizuiwa isirudi kabisa, nguvu inaishia kwenye mbao na darubini, na vitako vimepasuka hivyo.

Mzee wa Bolti

Marahaba, Mkufunzi. Niongeze darubini, kwa sababu aliyepigwa nyusi na darubini mara moja anarudi mwanzo wa matibabu yote hayo.

Chukua ya ukuzaji wa 2 hadi 7 au 3 hadi 9, isiyo nzito. Umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma uwe angalau sentimita 9. Uupime ukiwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo umbali huo unapokuwa mfupi, na uupime baada ya kitako kukatwa, si kabla. Mpime amesimama, kisha amekaa, kisha amelala. Kila mkao kichwa kinasogea. Skrubu za pete zikazwe kwa kipimo, nyutoni-mita 1.7 hadi 2.3. Ukikaza kwa hisia unaminya bomba, ukilegeza darubini inatambaa mbele taratibu na utabadilisha risasi ukidhani ndizo mbovu.

Kwa .243 ya greni 100, zero iwe sentimita 4 juu kwa mita 100. Itakata mstari wa kulenga tena karibu na mita 180, na kati ya hapo hahitaji kuinua wala kushusha msalaba. Darubini nyingi mbofyo mmoja ni robo ya dakika ya pembe, yaani milimita 7 kwa mita 100. Mibofyo minne ni kama sentimita 3. Umalizie wewe mezani, kisha yeye apige tatu kwa mkao wake. Zake zikitua kando na zako, amini zake, ndiye atakayewinda.

Mtaka_Shabaha

Tumekubaliana .243, ya bolti, kitako tutakipunguza. Swali moja: kuna mtu anatupa .30-30 ya lever (inayopakiwa kwa kuvuta mpini ulio chini ya triga) kwa muda, anasema ni pole. Tungeitumia mpaka hiyo ifike?

Fundi Kitako

Msiitumie. Kwa karatasi .30-30 ya greni 150 iko jouli 13 au 14 kwa bunduki ya kilo 3.4, lakini bunduki za lever nyingi zina kilo 3 tu, inapanda hadi 15. Na kitako chake ni chembamba, mwishoni kuna bamba gumu la plastiki au chuma, na mbao imeshuka sana chini ya mstari wa mtutu, kwa hiyo inaruka juu shavuni. Kingo zile mtu mwembamba anazihisi. Juu ya hapo nyundo inashushwa kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo ndani, kitu ambacho mgeni hapaswi kujifunzia msituni. Subirini.

Mkufunzi wa Uwanja

Fundi yuko sahihi. Muda huo wa kusubiri utumieni kwa .22 kwenye vijiti, na shabaha ya karatasi yenye duara la sentimita 15. .243 ikifika, aanze mita 50, kisha 100, kisha 150, kila umbali kwa mkao wa kuwinda na bila meza. Umbali wa mwisho ambao risasi tano zote zinabaki ndani ya duara hilo, siku mbili tofauti, ndio mpaka wake wa msimu huu. Ikiwa ni mita 90, basi kulungu wa mita 110 anamwacha apite au anamsogelea. Na alenge sentimita chache nyuma ya mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja kutoka kifuani kwenda juu, mnyama akiwa amesimama ubavu wazi. Akipiga, bolti ivutwe papo hapo bila kuinua shavu, risasi ya pili iwe tayari, hata kama mnyama ameanguka.